Panorama (picha pana ya kuunganisha picha kadhaa) ya Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani: mbona anga ina mistari?
Ndugu, hiyo mistari ya giza angani picha zinapoungana inaonyesha kamera ilijipimia mwanga yenyewe. Grand Canyon ukingo mmoja unawaka jua, bondeni kivuli kizito, kwa hiyo kila ukigeuka kamera inabadilisha kipimo. Weka mwanga, fokasi na rangi kwa mkono, zisibadilike. Filta ya polaraiza (kioo cha mbele ya lenzi kinachokoleza rangi ya anga) vua kabisa, kwenye upana ule huacha mabaka angani. Shika kamera wima, kila picha irudie theluthi ya iliyotangulia. Ukuta wa ng'ambo, kilomita 16 hivi, huungana bila shida. Kinachokorofisha ni msonobari ulio karibu nawe, hasa ukizungusha mwili badala ya kuizungusha lenzi mahali pamoja. Na piga upesi, vivuli vya mawingu vinahama kabla hujamaliza safu.