Usimtume Mwalimu Mmoja Semina

Juzi mwalimu mkuu mmoja wa Sengerema ameniandikia: "Dada, nimepewa nafasi moja ya semina ya kufundisha kusoma. Nimpeleke nani?" Nikamjibu: mpeleke umtakaye, lakini usitegemee kitu.

Najua ninachosema, maana niliwahi kuwa huyo mmoja. Nilirudi shuleni kwetu Ilemela na kadi za herufi nilizokata kwenye maboksi, nikaanza kufundisha sauti: mtoto aisikie m kwanza, ndipo aione, kisha aunganishe ma, me, mi. Darasa la pili mwenzangu akaendelea kuwaimbisha "a, be, che" kwa fimbo ubaoni. Kazi yangu ya mwaka mzima ikafutika Januari. Mkuu wetu wa wakati huo akaniambia mbele ya walimu wote kuwa hizo ni nadharia za wazungu wenye watoto ishirini darasani. Bado inaniuma, sitaficha.

Nadharia za wazungu! Ni kweli, jopo la wataalamu wa usomaji la Marekani lilitoa ripoti mwaka 2000 likataja mambo matano: utambuzi wa sauti, uhusiano wa sauti na herufi, ufasaha, msamiati na ufahamu. Lakini hata mtaala wetu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015 ulianza na sauti. Mkuu wetu alikuwa nao kabatini.

Shule niliyohamia baadaye, mkuu alikaa mwenyewe kwenye mafunzo, pamoja na mwalimu wa taaluma na walimu wote wa la kwanza hadi la tatu. Hapo ndipo kazi ilipoanza kuonekana. Tulikutana mchana baada ya vipindi, mmoja anafundisha, wengine tunajifanya watoto. Tukagundua wapi wanakwama: nyumbani wanaongea Kisukuma, r na l zinawachanganya, "kura" na "kula" kwao ni kitu kimoja mpaka uwafundishe kusikia. Na watoto wa wavuvi, waliozaliwa karibu na mtumbwi, silabi "mbwi" iliwashinda wote. Tukaipa wiki nzima. Leo watoto wale wanasoma, na wageni wanaletwa kuja kuona. Jina langu halitajwi, sawa tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, funza timu. Nasema tena: timu, na wewe ukiwemo. Mkuu asiyejua sauti za herufi atakagua nini, andalio la somo? Serikali imeshaweka MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na jumuiya za walimu kujifunza pamoja shuleni, huna haja ya kusubiri barua. Baada ya mafunzo ingia darasani. Pasipo mtu wa kumfuata mwalimu huko, semina inaishia kwenye cheti.

Utaulizwa posho. Sema hakuna, ila chai na viazi vipo. Wawili watanuna. Anza na mwalimu wa la kwanza, na ukiingia kwake kaa nyuma na watoto, daftari la ukaguzi liache ofisini.