Kabla ya koleo, kijiti

Vijana wanaosoma kemia huniuliza waanzie wapi ili waingie kwenye kazi yangu ya kukabiliana na mafuta na kemikali zinazomwagika. Wengi vichwani mwao wana picha ya helikopta. Mimi huwaambia waanze na kijiti.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tuliitwa kwenye mikoko hapa Mombasa, maji yanang'aa rangi za upinde wa mvua. Nikafika na chupa, glavu na fomu tatu. Mzee mmoja mvuvi aliniangalia, akaokota kijiti, akauchokoa ule utando. Ukapasuka vipande kama kioo, wala havikurudiana. "Haya si mafuta, mwanangu. Ni tope hili." Kweli, walikuwa bakteria wa chuma, wanaoishi kwa madini ya chuma topeni na kuacha utando unaong'aa juu ya maji. Mafuta ukiyachokoa hujirudi yakaziba pengo. Chuo kizima sikuwahi kufundishwa hilo.

Safari nyingine mafuta yalikuwa ya kweli, na aliyeharibu ni mimi. Nilichota sampuli tezini, yaani nyuma ya mashua, injini ikiunguruma. Majibu ya maabara yakarudi: petroli na oili ya injini yetu wenyewe! Basi zima injini, chota omo, yaani mbele ya chombo, tumia chupa ya kioo, andika saa na jina la aliyechota. Sampuli hiyo huenda ikaishia mahakamani.

Lakini kinachowashinda wengi ni kutulia. Mafuta mazito yakipaka mikoko, kila mtu anataka kuona koleo zikifanya kazi, hasa kamera zikishafika. Ukiingiza watu hamsini kwenye lile tope, miguu yao huyashindilia mafuta chini kwenye mizizi, kusiko na hewa, na huko hukaa miaka. Mara nyingi ni afadhali kukinga mlango wa kijito kwa maboya yaliyofungwa mfululizo kuzuia mafuta, kukusanya yanayoelea, na kuyaachia maji kupwa na kujaa yafanye kazi yao. Niliwahi kumweleza hivyo mkubwa mmoja, akanijibu kwamba wananchi wanataka kuona kitu. Wakaingia. Mpaka leo naijua ile sehemu waliyokanyaga.

Na si sisi tu. Mwaka 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipopasuka karibu na Cornwall, Uingereza, sabuni kali zilizomwagwa ufukweni ziliwaua viumbe wengi zaidi wa miambani kuliko mafuta yenyewe. Alaska nako, baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta mwaka 1989, waliosha fukwe kwa maji ya moto na kuwachemsha viumbe walionusurika.

Petroli ni habari nyingine kabisa. Sachangwan, Kenya, mwaka 2009, Morogoro, Tanzania, mwaka 2019: lori limeanguka, watu wamekuja na vidumu, moto ukaua watu zaidi ya mia katika kila ajali. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hulala mitaroni ukisubiri cheche. Hapo sahau chupa zako. Simama upepo unakotoka, ondoa watu.

Someni kemia ya kaboni, ndiyo, lakini jueni pia bamvua, maji yanapojaa sana kuliko kawaida, na maji mafu, yanapojaa kidogo tu. Mafuta yaliyopandishwa ufukweni na bamvua yatakungoja pale pale hadi bamvua ijayo. Na nunueni viatu vya akiba. Harufu ya mafuta mazito haitoki. Vyangu mke wangu hakubali vivuke kizingiti.