Maswali ya Wasomaji: Kwa Gari Kutoka Adelaide Hadi Uluru

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Mwanza. Mdogo wangu anaishi Adelaide, Australia, naye ametualika mwezi Juni, shule zitakapofungwa. Tutakuwa mimi, mke wangu, watoto wawili, mmoja wao akiwa na miaka 5, pamoja na mama yangu mzazi. Tunakusudia kukodi gari twende Alice Springs na kwenye mwamba wa Uluru. Nimezoea kuendesha kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kwa hiyo umbali haunitishi. Kwenye ramani nimeona maziwa makubwa kando ya barabara, tukawaza kupiga kambi ufukweni. Tujiandae vipi?
Baba Neema, Nyegezi

JIBU: Baba Neema, mwezi mmeuchagua vizuri. Juni kule ni majira ya baridi, wakati ambapo mchana jangwani huwa wa kupendeza, tofauti na Desemba hadi Februari ambapo joto hupita nyuzi 40. Hata hivyo, usiku baridi huweza kukaribia sifuri, hivyo mama asikose blanketi na sweta nzito.

Kutoka Adelaide hadi Alice Springs ni zaidi ya kilomita 1,500, na kwenda Uluru mtaiacha barabara kuu pale Erldunda na kuelekea magharibi kilomita nyingine zipatazo 250. Njia yote hiyo ni ya lami, na magari hupita kushoto kama kwetu. Umbali huo dereva wa Mwanza anauweza. Jambo ambalo hajalizoea ni upweke wa njia yenyewe. Gari likikuzimikia Shelui au Manyoni, haichukui muda kabla hujasikia mtu akikuuliza, "Vipi ndugu, kuna shida?", na fundi hutafutwa kwa bodaboda. Kati ya Glendambo na Coober Pedy, kwa takribani kilomita 250, hakuna kituo cha mafuta, duka wala kijiji, na mtandao wa simu haupatikani sehemu kubwa ya njia. Jazeni tangi kila mnapofika kituoni, hata kama mafuta bado yapo nusu.

Ndiyo maana nakusihi uache kabisa ile desturi yetu ya kuliacha gari na kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari likiharibika, kaeni nalo. Linawapa kivuli, na anayewatafuta kwa ndege huliona kwa urahisi, ilhali mtu anayetembea peke yake nyikani haonekani. Wekeni akiba ya maji ya lita 10 kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu watano ni lita 50, yaani madumu mawili ya lita 20 na nusu ya la tatu, kwa siku moja tu. Huo si mzigo wa ziada, na msishawishike kuupunguza ili masanduku yaenee.

Msiendeshe baada ya jua kuzama. Kangaruu hutoka kula jioni na alfajiri, huruka barabarani ghafla, na mikataba mingi ya magari ya kukodi haimruhusu dereva kusafiri usiku nje ya miji. Yapo pia malori yanayovuta matela kadhaa, yenye urefu unaoweza kufikia mita 53. Usiyapite mpaka uone barabara iko wazi mbali sana mbele yako.

Kuhusu maziwa, naomba muwaandae watoto mapema. Lake Torrens na Lake Gairdner, ambayo ramani huyapaka buluu, ni mabonde ya chumvi yanayopata maji baada ya mvua kubwa tu. Lake Hart mtaliona kutoka barabarani mkishapita njia panda ya Woomera: jeupe, tambarare, bila mtumbwi wala ndege wa kuvua samaki. Simameni mlitazame, lakini gari lisiingie humo, kwa sababu chini ya ganda la chumvi kuna tope linalonasa magurudumu. Kwa kulala, Coober Pedy kuna vyumba vilivyochimbwa ndani ya mwamba, kama wachimbaji wa opali walivyojenga kukwepa joto, na naamini mama atavifurahia.

Watoto wa Mwanza hukua wakipanda mawe, lakini Uluru, wenye urefu wa mita 348, haupandwi. Ni mahali patakatifu pa Waanangu, wenyeji wa eneo hilo, na kupanda kulipigwa marufuku tangu Oktoba 26, 2019. Njia ya kuuzunguka kwa miguu ni kama kilomita 10, na sehemu zenye vibao vya kukataza picha ziheshimiwe.

Mtoto wa miaka 5 lazima awe na kiti chake maalumu garini. Kiagizeni mapema mnapokodi. Dawa za mama zibebwe za kutosha safari nzima, maana maduka ya dawa yako mbali, ingawa tangu 1928 kuna huduma ya madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege. Na kama mdogo wako ameagiza dagaa, jazeni kwenye fomu ya uwanja wa ndege kwamba mmebeba chakula, kwani kukificha hutozwa faini kubwa, wakati ukikitaja, kibaya kinachoweza kutokea ni kunyang'anywa.