Muulize Fundi wa Reli: Treni inapandaje huko juu?

SWALI: Shikamoo Fundi. Binti yangu anasomea uuguzi Rendsburg, Ujerumani. Amenitumia picha ya daraja la reli la chuma, meli inapita chini yake. Anasema mji ni tambarare. Sasa treni inafikaje juu? – Mama T., Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Hapo chini ni Mfereji wa Kiel, unaounganisha Bahari ya Kaskazini na Baltiki. Ulipopanuliwa ili manowari kubwa zipite, mhandisi Friedrich Voss alijenga daraja hilo, 1911 hadi 1913, meta 42 juu ya maji. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakifikisha reli ya Tanga hapa kwetu Moshi.

Gari la Marangu likikuta mlima linatia gia ndogo, linapanda. Treni haiwezi; chuma juu ya chuma huteleza. Inataka mwinuko mdogo, kwa hiyo njia ndefu. Kumbe stesheni ya Rendsburg iko karibu mno na mfereji! Voss hakuihamisha. Aliizungusha reli duara zima, ikipanda taratibu juu ya nguzo, hadi ikapita juu ya njia yake yenyewe. Katikati ya duara watu wamejenga nyumba, wanaishi. Mimi nisingepata usingizi.

Chini ya daraja kinaning'inia kivuko kwa kamba za chuma, kinavusha watu na magari machache. Cha zamani kiligongana na meli 2016. Kipya kilianza 2022. Mwambie binti akipande, hakina nauli.