Michizane alikosa nini?

Ndugu, umeuliza Sugawara no Michizane, msomi na waziri wa Japani ya kale, alikosa nini hata akafukuzwa Kyoto, mji mkuu wa wakati huo. Kwangu mimi hakukosa kitu, alipanda juu mno. Alizaliwa 845 katika ukoo wa wasomi, na Kaizari Uda alimwinua ili kuupunguzia nguvu ukoo wa Fujiwara, uliotawala mambo ya ikulu. Mwaka 899 akawa Waziri wa Kulia, cheo cha juu serikalini, hatua moja tu nyuma ya Fujiwara no Tokihira, Waziri wa Kushoto. Mwaka 901 akasingiziwa kwamba anataka kumng'oa Kaizari Daigo, mwana na mrithi wa Uda, amtawaze mkwewe, mume wa binti yake. Akapelekwa uhamishoni Dazaifu, kule kisiwa cha Kyushu, mbali na mji mkuu, na 903 akafa hukohuko. Inaniuma sana. Radi ilipopiga ikulu 930, watu wakasema ni roho yake. Leo wanafunzi wa Japani humwomba kabla ya mitihani, kama mungu wa elimu.