Jibu: Tanzam haikujengwa na Wachina

Mkuu, umeuliza kama Wachina ndio waliojenga barabara ya Tanzam, yaani ya Dar hadi Zambia, na kama zamani ilipita Dodoma. Wachina walijenga reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Barabara ni habari nyingine, na fedha zake kwa sehemu zilitoka Marekani na Benki ya Dunia.

Chanzo cha barabara hiyo ni Novemba 11, 1965, Ian Smith, kiongozi wa serikali ya walowezi wazungu, alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yakipitia huko kusini. Ghafla ikabidi malori yabebe mapipa ya mafuta kutoka Dar, kwenye njia ya vumbi ambayo masika hugeuka uji. Ajali zilikuwa nyingi mno hadi ikaitwa njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA, la kusafirisha mafuta kutoka Dar hadi Zambia, lilipokamilika 1968 mzigo wa mafuta ukapungua, na lami ikafuata, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Njia yenyewe: Dar, Chalinze, Morogoro, katikati ya hifadhi ya Mikumi, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha mlima Kitonga wenye kona kali. Hapo ndipo utamjua dereva! Iringa mjini huingii, unapita chini, Ipogolo. Halafu Mafinga, Makambako, Uyole, Mbeya, Tunduma, na upande wa Zambia hadi Kapiri Mposhi.

Dodoma unayoisikia ni ile njia ya zamani ya kaskazini, Iringa, Dodoma, Babati, Arusha. Hizo mbili zinakutana Iringa, ndiyo maana watu huzichanganya.