Telesp Celular Participações iliishia wapi?

Ndugu, umeuliza kama Telesp Celular Participações unayoikuta kwenye taarifa za hisa ilifilisika, maana baada ya 2006 huioni tena. Haikufilisika, ilibadili jina tu. Hilo "Participações" lingekushtua: ilikuwa kampuni ya kushika hisa za kampuni ya simu za mkononi ya São Paulo, Brazili; yenyewe haikuuza laini wala vocha.

Anzia Julai 1998, Brazili ilipoipiga mnada Telebrás, shirika lake la simu la serikali, ikiwa imekatwa vipande 12, vinane vya simu za mkononi. Hiki cha São Paulo ndicho kilichokuwa mnofu, Portugal Telecom wakakinyakua. Baadaye wakaungana na Telefónica ya Hispania, 2003 likazaliwa jina la biashara Vivo, na 2006 kampuni ikaitwa Vivo Participações.

Talaka yao ndiyo tamu kusoma. Mwaka 2010 wanahisa wa Portugal Telecom walishakubali kuiuzia Telefónica sehemu yao ya Vivo, serikali ya Ureno ikatumia hisa zake maalumu zenye kura ya turufu kuzuia. Wahispania wakapandisha dau hadi euro bilioni 7.5, mambo yakaisha.

2011 Vivo Participações ikamezwa na Telesp, kampuni ya simu za mezani ya Telefónica huko São Paulo, leo Telefônica Brasil. Ukikokotoa bei za zamani, kumbuka kila hisa ya Vivo ilibadilishwa kwa 1.55 za Telesp.